SHULE IPI ILIYO BORA?
Somo la Kusoma Matokeo ya Mtihani

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Januari, jambo moja hutokea katika vijiji na miji ya Uganda. Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi hutangazwa, na magazeti huyachapa shule kwa shule. Wazazi hukusanyika penye duka lenye gazeti, mmoja akasoma na wengine wakasikiliza. Hapo ndipo yasikiwapo maneno haya: "Shule ile ni nzuri mno. Shule hii haifai kitu." Na kabla muhula haujaanza, watoto wengi wamekwisha kuhamishwa.

Mimi ni kijana wa miaka 19, nami niko darasa la tano la sekondari. Likizo iliyopita baba yangu aliniita barazani akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma hesabu katika nyumba hii. Mdogo wako aingia darasa la tano. Nimesikia kwamba shule ya barabarani imeishinda mbali shule yetu ya bondeni. Nataka kuuza ng'ombe mmoja nimpeleke huko. Wewe waonaje?"

Nikamjibu, "Baba, naomba unipe siku saba, nizitazame hesabu zenyewe."

Akacheka. "Hesabu zimo gazetini. Zataka kutazamwa nini tena?" Lakini aliniruhusu.

Ng'ombe wetu ni wawili tu. Kwa hiyo kosa katika hesabu hii lingetula nusu ya mali yetu, na pengine lingemharibia msichana mdogo masomo yake. Ndiyo sababu niliishika kazi hii kwa bidii, na haya niliyojifunza katika siku saba zile nayaandika hapa, maana najua kwamba wengi wenu mtaulizwa swali kama lile nyumbani kwenu.

MTIHANI WENYEWE

Kwanza yatupasa kuujua mtihani. Hutungwa na Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, na watoto wa darasa la saba huufanya katika masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Maarifa ya Jamii. Katika kila somo mtoto hupewa alama kutoka 1, ambayo ni bora kabisa, mpaka 9, ambayo ni ya chini kabisa. Kisha alama za masomo yote manne hujumlishwa. Basi aliyefanya vizuri kupita wote ana 4, na aliyeshindwa kabisa ana 36. Mwenye jumla ya 4 mpaka 12 huwekwa Daraja la Kwanza, na wengine hufuata katika madaraja ya chini.

Uzuri wa mtihani huu ni kwamba ni mmoja kwa wote. Mtoto wa Kampala na mtoto wa Karamoja hupewa karatasi ile ile, siku ile ile. Sokoni nako ni hivyo: wauzaji wote wakitumia pishi moja, mnunuzi aweza kulinganisha. Bila ya pishi, kila mtu angesifu chake.

Lakini pishi hupima kile kilichotiwa ndani yake tu. Haliwezi kukuambia mchele ulilimwa katika udongo gani, wala ni kiasi gani kilichomwagika njiani. Mambo hayo mawili yataka kuulizwa kwa mdomo.

HESABU YA GAZETINI

Shule nilizozilinganisha sitazitaja majina yake. Moja nitaiita ya Barabarani. Ni ya kulipa karo, ina basi na kibao kikubwa. Ya pili nitaiita ya Bondeni. Ndiyo ya serikali, ambamo mdogo wangu asoma. Gazeti lilisema hivi:

Barabarani: watahiniwa 36, Daraja la Kwanza 18, waliofaulu jumla 36.
Bondeni: watahiniwa 100; Daraja la Kwanza 15; waliofaulu jumla 88.

Ukigawanya, waona kwamba Barabarani walipata Daraja la Kwanza 50 kwa mia, na Bondeni 15 kwa mia. Waliofaulu ni 100 kwa mia huku, na 88 kwa mia kule. Mtu akiishia hapo, atauza ng'ombe asubuhi ile ile. Mimi nami nusura niishie hapo. Lakini mwalimu wetu wa hesabu hutuambia daima kwamba kabla ya kugawanya, uliza kwanza namba ya chini imetoka wapi. Basi nikauliza.

SWALI LA KWANZA: NI NANI ALIYEUFANYA MTIHANI, NA NI NANI HAYUPO?

Watoto waliofanya mtihani mwaka jana walikuwa darasa la nne miaka mitatu nyuma. Je, walikuwa wangapi wakati ule?

Huko Bondeni mwalimu mkuu alinifungulia daftari za mahudhurio za zamani, nikahesabu majina kwa kidole: 160. Huko Barabarani sikuweza kuonyeshwa daftari. Lakini jirani yetu ana kijana aliyesoma pale, na mama yake huhifadhi taarifa zote za shule katika sanduku la nguo. Katika taarifa ya darasa la nne imeandikwa kwamba kijana alikuwa wa 37 kati ya watoto 80. Jibu langu lilikuwa ndani ya sanduku lile.

Haya, tuhesabu upya, tukianza na darasa la nne:

Barabarani: walikuwa 80, waliofika na kufaulu 36, yaani 45 kwa mia, Daraja la Kwanza 18, yaani karibu 23 kwa mia.
Bondeni: walikuwa 160, waliofika na kufaulu 88, yaani 55 kwa mia, Daraja la Kwanza 15, yaani 9 kwa mia na kidogo.

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Katika Daraja la Kwanza Barabarani bado wako mbele, wala sitaki kuwanyang'anya sifa yao. Lakini katika kufaulu tu, ile shule "isiyofaa kitu" imewafikisha watoto wengi zaidi kati ya kila mia walioanza nao.

Msikilizaji mwangalifu ataniambia, "Ngoja. Wale 44 walioondoka Barabarani hawakufa. Yamkini wengine walifaulu mahali pengine." Asema kweli. Wengine huhama na wazazi wao, na wengine wapya huingia. Kwa hiyo hesabu yangu si hukumu, ni swali. Lakini ni swali ambalo mzazi ana haki ya kulipeleka shuleni: watoto 44 walikwenda wapi, na kwa nini?

Nami nina sababu yangu ya kuuliza. Nilipokuwa darasa la saba nilikaa kwa shangazi yangu, mbali na kijiji chetu, nikasoma katika shule moja iliyosifiwa sana. Mwanzoni mwa mwaka tulifanya mtihani wa majaribio. Kabla majina hayajapelekwa, tuliitwa watoto tisa ofisini. Tukaambiwa kwamba tutaendelea kusoma pale pale, tutalipa karo ile ile na kuvaa sare ile ile, lakini majina yetu yataandikwa katika shule nyingine, mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulikuwa wadogo, hatukuuliza. Siku za mtihani tulikwenda kwa miguu alfajiri, tukakaa kati ya watoto tusiowajua. Mimi nilipata jumla ya 15, ambayo ni Daraja la Pili. Matokeo yalipotoka, shule yetu iliandika kwenye kibao chake kwamba watoto wake wote wamepata Daraja la Kwanza.

Nilisimama mbele ya kibao kile nikakisoma mara mbili. Nilikuwa nimesoma pale miaka miwili, na kumbe sikuwahi kuwapo. Tangu siku ile, nikiona "mia kwa mia," swali langu la kwanza ni: tisa wako wapi?

SWALI LA PILI: WATOTO WALIANZIA WAPI?

Mkimbiaji aliyeanza nusu ya njia akifika kwanza, hatusemi kwamba ana mbio kuliko wote. Watoto wa Barabarani wengi walipitia shule ya watoto wadogo, na nyumbani kwao mna vitabu na taa. Wengine husikia Kiingereza tangu wakiwa wachanga, na mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Watoto wa Bondeni wengi hukutana na lugha hiyo shuleni. Asubuhi wamechota maji, na mchana wengine hawali.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1966, huko Marekani, mtaalamu James Coleman na wenzake walitoa taarifa juu ya uchunguzi mkubwa uliohusu wanafunzi zaidi ya 600,000. Waliona kwamba tofauti nyingi za alama zilifuatana na nyumba walizotoka watoto kuliko majengo na vifaa vya shule. Watu walishangaa, maana wengi walitazamia kinyume chake. Kwa hiyo alama za shule ni mchanganyiko: sehemu ni kazi ya mwalimu, na sehemu ni kazi ya nyumbani. Gazeti huvichapa vyote kwa jina la shule.

Dawa yake ni nini? Ni kumpima mtoto mara mbili, aingiapo na atokapo, kisha kutazama amesogea kiasi gani. Huko Uingereza matokeo ya watoto wa miaka 11 yalianza kuchapwa shule kwa shule katika miaka ya 1990, na wazazi wakayakimbilia kama sisi. Baadaye iliongezwa hesabu ya maendeleo, yaani jinsi mtoto alivyopanda tangu umri wa miaka saba. Shule nyingine zilizokuwa chini zikaonekana kwamba zilifanya kazi nzuri, na nyingine za juu zikaonekana kwamba zilipokea watoto waliokwisha kuiva.

SWALI LA TATU: NI WATOTO WANGAPI, NA NI MIAKA MINGAPI?

Iko shule ya tatu kwetu, ndogo sana, juu ya mlima. Kwa bahati, miaka mitatu mfululizo ilikuwa na watahiniwa 12. Mwaka wa kwanza watoto 2 walipata Daraja la Kwanza, yaani 17 kwa mia. Mwaka wa pili walipata 6, yaani 50 kwa mia. Watu wakapanda mlima kuandikisha watoto. Mwaka wa tatu walipata 3, yaani 25 kwa mia. Watu wakashuka wakinung'unika kwamba walimu wamekuwa wavivu.

Lakini walimu walikuwa wale wale! Kilichobadilika ni nini? Katika shule ya watoto 12, mtoto mmoja peke yake ni zaidi ya 8 kwa mia. Mmoja akiugua malaria siku ya mtihani, shule imeanguka. Ndugu wawili wenye akili wakihamia kijijini, shule imepaa. Katika shule ya watahiniwa 100, mtoto mmoja ni 1 kwa mia tu.

Wachunguzi wawili wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, waliandika juu ya jambo hili mwaka 2002, wakitumia matokeo ya jimbo la North Carolina. Waliona kwamba shule ndogo zilikuwa nyingi kupita kiasi miongoni mwa zile zilizosifiwa, na pia miongoni mwa zile zilizoshika mkia. Basi usiihukumu shule ndogo kwa mwaka mmoja. Jumlisha miaka mitatu au zaidi. Shule ya mlimani, ukijumlisha, imepata 11 kati ya 36, yaani kama 31 kwa mia. Na hiyo ndiyo habari iliyo karibu na kweli.

SWALI LA NNE: ALAMA ZIMEPANDISHWA KWA NJIA GANI?

Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shule nayo ikisifiwa kwa alama tu, yaweza kuanza kutafuta alama badala ya elimu. Watoto hukaririshwa maswali ya zamani tangu alfajiri hata usiku. Michezo na bustani huachwa. Mtoto mzito hurudishwa darasa au kuhamishwa.

Mfano mkubwa wa tembo kutiwa maji ulitokea Marekani katika mji wa Atlanta. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2002 iliamuru watoto wa darasa la tatu mpaka la nane wapimwe kila mwaka, na shule zisizoendelea zichukuliwe hatua. Alama za Atlanta zikapanda, na wakuu wakasifiwa. Lakini taarifa ya wachunguzi ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba udanganyifu ulifanyika katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, na walimu na wakuu 178 walihusika. Wengine walifuta majibu mabaya ya watoto wakaandika yaliyo sawa. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Walioumia zaidi ni watoto, maana aliyeandikwa kwamba ajua kusoma hakupewa msaada tena, naye hajui.

Jirani zetu nao wamelifikiria jambo hili. Serikali ya Kenya ilikataza kuzipanga shule kwa matokeo mwaka 2014, na mtihani wenyewe wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Tanzania nako, mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule kumi bora.

JE, TUYATUPE MATOKEO?

La, hasha. Tukiyatupa, mzazi atabaki kutazama rangi ya ukuta na basi la shule, na hivyo hudanganya kuliko alama. Alama zatufaa, ila tusizisome kama hukumu ya hakimu.

Tena iko njia nyingine ya kupima inayofaa kujulikana. Tangu mwaka 2010 hivi, mpango uitwao Uwezo umepima watoto katika Kenya, Tanzania na Uganda. Wapimaji hawaendi shuleni tu, huenda nyumbani, mlango kwa mlango. Humpa mtoto masimulizi mafupi ya kusoma na hesabu nyepesi, za kiasi cha darasa la pili. Mpango huo ulifuata mfano wa India ulioanza mwaka 2005. Ubora wake ni kwamba huwakuta hata watoto ambao hawamo katika daftari lolote. Nyumbani hakuna awezaye kufichwa kirahisi.

Mimi nilifanya vivyo hivyo kwetu. Nilimpa mdogo wangu kitabu cha darasa la pili asome. Alisoma polepole, akikwama katika maneno marefu, lakini alifika mwisho na akaweza kunieleza alichosoma. Nikajua kwamba aweza, ila yu nyuma. Nikawaza: mtoto wa namna hii akipelekwa kwenye shule inayopungua kutoka 80 hadi 36, atakuwa katika kundi lipi?

TULIVYOAMUA

Siku ya saba nilimwonyesha baba karatasi yangu. Aliitazama kitambo, kisha akaweka kidole chake penye Bondeni, pale palipoandikwa 160 na 100.

"Mwanangu," akasema, "umeniuliza habari za 44 wa Barabarani. Na hawa wetu 60 wako wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeiandika namba ile kwa mkono wangu, na sikuiona. Nilikuwa nikiitetea shule yetu kwa haraka hata nikafanya kosa lile lile ninalowakataza wengine.

Ng'ombe hakuuzwa, na mdogo wangu amebaki Bondeni. Kila likizo twasoma pamoja jioni. Kama tumeamua vema, sijui. Mtihani wake bado miaka miwili. Lakini katika mkutano wa wazazi wa muhula ule, baba, ambaye hajapata kusema mkutanoni maishani mwake, alisimama na karatasi yangu mkononi akauliza, "Bwana mwalimu mkuu, watoto wetu 60 wako wapi?"

Watu walikaa kimya. Mwalimu mkuu hakukasirika. Alisema kwamba wengine wamehama, wengine wanachunga na kulima, wasichana wengine wameolewa, na wengine, kusema kweli, hajui. Kisha aliahidi kulipitia daftari jina kwa jina pamoja na wazazi watatu. Baba yangu ni mmoja wa watatu hao. Mpaka nilipoondoka kurudi shuleni, walikuwa wamefika jina la 34, na watoto wawili walikuwa wamerudi darasani.

Basi, ndugu wasomaji, mkiulizwa shule ipi iliyo bora, msikimbilie kugawanya. Ulizeni nani hayupo, walianzia wapi, ni wangapi, na alama zilipatikanaje. Na swali mtakalowauliza majirani, waulizeni kwanza watu wa nyumbani kwenu.

MAZOEZI KWA MSOMAJI

1. Shule ilikuwa na watoto 90 katika darasa la nne. Miaka mitatu baadaye watahiniwa walikuwa 45, na wote walifaulu. Gazeti litasema ngapi kwa mia? Wewe utasema ngapi, na utauliza nini?

2. Shule yenye watahiniwa 10 imetoka 20 kwa mia ikafika 40 kwa mia. Ni watoto wangapi walioongezeka? Je, yatosha kumhamisha mtoto wako?

3. Tafuta daftari au taarifa ya zamani ya shule uliyosoma. Hesabu mlioanza na mliomaliza. Waandike kwa majina wale unaowakumbuka.